Kisu cha Fundi wa Pancha

Fundi wa pancha hana haraka. Kila tairi hulipapasa kwa kiganja, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza siri, kisha hutamka neno lake moja: "Linazibika." Kwa hiyo mama mmoja aliyemletea gari lake aliketi kwenye benchi, roho yake kwatu. Mara kiganja kikasimama ubavuni mwa tairi, palipovimba.

"Hili ni la kubadilisha, dada."

"Ziba tu, kaka yangu. Nawachukua watoto shule, nitaendesha polepole."

Fundi hakubishana. Alichukua kisu akalipasua tairi lile ubavu mzima. Mama akainuka ghafla kwenye benchi. Fundi naye akaketi chini, kisu akakiweka kando.

"Nisamehe, dada. Tairi lililompasukia marehemu mke wangu lilikuwa limevimba hivihivi."