Mama Betri wa Mtendeni

Ukifika gereji ile ya Mtendeni iliyo kando ya barabara ya malori ya tumbaku, ukauliza mama anayeuza michembe yuko wapi, mafundi watakujibu kwa swali: "Yupi? Mama Betri?" Kisha watacheka, na mmoja atakuonyesha kwa spana kibanda cha mabati chenye sufuria mbili, moja ya uji na nyingine ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga. Hapo utamkuta Prisila, kiti chake kimeelekezwa kwenye magari badala ya barabarani wanakopita wateja.

Prisila alizaliwa Ulyankulu, miaka michache baada ya wazazi wake kufika pale kutoka Burundi wakiwa na vikapu na watoto migongoni. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa na Karoli, wakalima tumbaku. Katika nyumba yao kazi ya kulinda bani ilikuwa yake. Bani la kukaushia tumbaku halitaki mtu wa usingizi. Moto ukizidi kidogo, jani linaungua, na jasho la mwaka mzima linageuka majivu. Prisila alijifunza kusikiliza kuni, kunusa moshi, kuona kitu kilichokaa vibaya kabla hakijaharibika. Karoli alikuwa akimtania kwamba hata akiwa kanisani macho yake yanahesabu mishumaa.

Watoto wao ni watatu, na Levina ndiye kitinda mimba. Tangu utotoni alipenda kufungua vitu: baiskeli ya baba yake, redio ya betri kavu, mashine ya kusaga ya jirani. Alipomaliza chuo cha ufundi, Mzee Selemani, mwenye gereji, akamchukua kuwa fundi wa umeme wa magari. Prisila akamsindikiza mjini. Alimwambia Karoli ni wiki mbili tu, amwone mtoto ametulia. Huu sasa ni mwaka wa tatu. Karoli amebaki na mizinga yake ya nyuki na shamba, na kila mwisho wa mwezi hupiga simu kuuliza, "Mtoto hajatulia tu?"

Mtoto alikuwa ametulia siku nyingi. Ambaye hajatulia ni mama.

Na hofu yake haikutoka hewani. Miezi michache tu baada ya kufika, katika gereji nyingine upande wa pili wa barabara, fundi mmoja alikuwa akigonga dashibodi kwa nyundo huku betri ya gari ikiwa mahali pake. Ukasikika mlio kama wa gobole. Prisila alimwona yule fundi akitoka garini amepauka kwa unga mweupe usoni, mkono mmoja ameushika kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba yai. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mkono ule haukushika tena spana vizuri.

Usiku ule Prisila hakuuliza kama mtoto ataacha kazi. Alijua jibu. Aliuliza, "Kile ni kitu gani, nifundishe."

Levina akamfundisha kwa lugha ya jikoni. "Mama, ndani ya usukani kuna mfuko umekunjwa, tunauita eabegi. Nyuma yake kuna kitu kama baruti, kidogo tu. Gari likigongwa, baruti inawaka, mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Dereva aliyefunga mkanda unamwokoa. Fundi aliyeuinamia na bisibisi, ile bisibisi inamrudia."

"Sasa mnafanyaje?"

"Kwanza ufunguo unatoka. Halafu betri inafunguliwa, upande wa hasi, na ule waya unaufunga kitambaa usirudi kugusa. Halafu unangoja."

"Unangoja nini tena, na betri imetoka?"

"Kuna umeme unabaki umejificha ndani, kama joto la jiwe la figa. Sisi tunangoja dakika kumi. Na zile waya za njano huzipimi kwa taa ya majaribio, maana hata umeme mdogo wa kupimia unatosha kuiamsha. Eabegi ikishatoka, unaibeba uso wake ukitazama mbali na tumbo lako. Ukiilaza, uso juu. Huweki kitu juu yake, huigongi, huisogezi karibu na moto."

Prisila akayashika yote kama katekisimu. Shida ni kwamba hakuyashika moyoni tu. Kila Levina alipoingia garini, sauti ilitoka kibandani: "Umetoa betri?" "Umefunga kitambaa?" "Dakika kumi zimetimia?" Masanja, fundi wa breki, Msukuma mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyempa lile jina, akimwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu! Mama Betri, niletee uji, lakini kwanza utoe betri kwenye sufuria!" Na gereji nzima ikacheka, Prisila naye akacheka, na kesho yake akauliza tena.

Jumapili moja, wakitoka misa, Levina alisimama njiani.

"Mama, nikuombe kitu. Wateja wanakusikia. Juzi yule mzee wa lori kaniangalia, kasema, huyu binti bado anafundishwa na mama yake? Akampa Masanja kazi yangu. Mimi ni mwanamke peke yangu pale. Nikionekana mtoto, nimekwisha."

Maneno yale yalimchoma Prisila. Alikuwa akidhani anamlinda, kumbe anampunguza. "Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Mambo ya magari sitafungua tena mdomo."

Siku ya pili yake na ya tatu alikaa kimya kama jiwe la kisima. Masanja alikuja kumchokoza, akapewa uji bila neno, akaondoka ameshangaa.

Siku ya nne akaja Mwalimu Advera na gari lake dogo la Kijapani. Mwalimu huyu alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, aliyezoea kutiiwa. Honi yake ilikuwa imekufa, na kwenye dashibodi ile taa nyekundu ya eabegi haizimiki. Levina alisikiliza, akauzungusha usukani kulia na kushoto, akasema ule utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika. Kuufikia ni lazima eabegi itoke.

"Toeni mnachotoa," alisema Mwalimu Advera, "ila redio yangu msiiguse."

"Hatuigusi, Mwalimu. Ila betri lazima ifunguliwe."

"Aa! Ndicho nilichokikataa." Mwalimu akakunja uso. "Gari la kwanza walinitolea betri, redio ikafunga. Ikaandika Kijapani chake pale, ikadai namba ambayo hata Japani kwenyewe sijui nimuulize nani. Miaka miwili naendesha kimya kama niko msibani. Hili siwezi."

Jambo hili halikuwa geni. Magari yanayoletwa yametumika huko Japani yana redio za namna hiyo. Ukikata umeme mara moja tu, redio inajifunga, na mteja anasema fundi kaiharibu. Kwa hiyo mafundi wengi wa mjini wana ujanja wao: kabla ya kutoa betri kubwa, wanabana betri ndogo ya pikipiki kwenye waya zake, ili redio isijue kwamba kuna kilichotoka. Kwa kazi ya kubadilisha betri, ujanja huo hauna neno. Kwa kazi ya usukani, ni kumfungia mlango mwizi aliyeko ndani.

Levina alimweleza Mwalimu taratibu kwamba kati ya redio na mikono yake, leo redio ndiyo itakayongoja. Mwalimu akaguna, akaenda kukaa kwenye benchi la kibanda cha Prisila, akaagiza uji. Levina akafungua betri, akafunga waya kitambaa, akatazama saa ya simu yake, akaondoka kwenda dukani kuchukua ule utepe mpya.

Ndipo Mzee Selemani akatoka ofisini. Mzee huyu hana ubaya na mtu; kosa lake ni moja, hapendi mteja anune. Alimkuta Mwalimu amenuna. Wakanong'ona kidogo. Prisila wakati huo alikuwa ameinama anapuliza mkaa, akasikia tu mzee akisema, "Redio haitazimika, Mwalimu, niachie mimi," na baadaye kidogo akasikia boneti likifungwa. Hakulitia maanani. Na hata angelitia, ahadi ni ahadi.

Levina akarudi, robo saa imepita. Akaona boneti limefungwa, akafikiri wamezuia vumbi la malori. Betri alikuwa ameifungua kwa mkono wake mwenyewe. Ya nini kuitazama tena? Akafungua mlango wa dereva, akauacha wazi, akaketi kiubavu ukingoni mwa kiti, akatafuta kwa kidole lile tundu la pembeni mwa usukani. Akaingiza bisibisi.

Prisila alikuwa akipita na kikombe cha pili cha Mwalimu. Gari lilikuwa chini ya paa, kivulini, na kupitia kioo cha nyuma akaona kitu cheupe chenye umanjano, kidogo kama punje ya hindi, juu ya kichwa cha binti yake. Ilikuwa taa ya darini, ile inayowaka mlango ukifunguliwa.

Akasimama. Gari lisilo na betri ni kipofu, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Hili lilikuwa linaona.

Alimwona Masanja upande ule, ameshika gurudumu, anamtazama. Alimwona Mwalimu. Alikumbuka uso wa mwanawe pale njiani. Pengine kuna sababu asiyoijua yeye, mwanamke wa darasa la saba. Bisibisi ikazunguka kidogo mkononi mwa Levina.

"Levina, toka garini!"

Kikombe kilikwisha kuanguka. Levina hakugeuka. "Mama," alisema kwa meno yaliyobana, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Toka. Taa ya juu yako inawaka."

Levina akainua macho darini. Prisila aliuona mgongo wa binti yake ukikaza, kisha mkono ukaiachia bisibisi polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemwachia nyoka. Akatoka garini kinyumenyume, akaenda mbele, akainua boneti.

Pale ndani, nyuma ya betri kubwa, betri ndogo ya pikipiki ilikuwa imelazwa, imebanwa vizuri kwa vibanio viwili, na kile kitambaa cha Levina kimekunjwa kwa adabu pembeni.

"Nani kaweka hii?"

Mzee Selemani alijitokeza mlangoni mwa ofisi. "Mimi, binti yangu. Ni kwa ajili ya redio tu. Kwani betri si imetoka?"

"Mzee, hii nayo ni betri."

"Ndogo hii! Hata honi haiwezi kuipiga vizuri."

"Eabegi haihitaji ya kupiga honi. Inatosheka na kidogo."

Mzee akatazama kiti cha dereva, akatazama ile bisibisi iliyobaki inaning'inia kwenye tundu, uso ukamshuka. Akavua kofia yake. "Astaghfirullah," alisema. "Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii. Ningemwambia nini mama yako?"

"Ingelipuka?" aliuliza Masanja, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha ndani ya sauti yake.

Levina alijifuta mikono kwenye suruali. "Sijui. Ufunguo ulikuwa nje. Pengine isingelipuka. Pengine ningegusanisha waya kwa bisibisi, ikalipuka. Kazi hii haifanywi kwa pengine."

Mwalimu Advera naye alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi. Alikuwa mweupe midomo. "Ondoeni yote," alisema. "Redio na ijifunge. Mimi nina simu, ina nyimbo."

Wakaanza upya. Levina alitoa betri ndogo, akafunga waya zote mbili vitambaa, akaliacha boneti wazi kila mtu aone. Safari hii aliufunga mlango na kuufungua tena, na taa ya darini haikuwaka. Wakangoja dakika kumi, wote wakiitazama simu ya Levina. Hata malori barabarani yalionekana kupita kwa heshima. Kisha akaingia. Bisibisi ilisukuma, kukasikika mlio mdogo wa kishikizo kuachia, usukani ukafunguka kama kifuniko. Akavuta ile waya ya njano. Akatoka na eabegi mikononi, uso wake ukitazama uwanjani, akailaza juu ya meza tupu, uso juu, na Masanja bila kuambiwa akasimama pembeni kuzuia watu.

Baada ya saa moja hivi kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Betri ikafungwa, Levina akawasha gari akiwa amejitenga na usukani, wote wakaitazama dashibodi. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa kidogo, ikazimika. Haikurudi. Mwalimu akapiga honi, kuku watatu wakaruka. Redio ikaandika Kijapani chake, na mwenyewe akaipungia mkono kama anayemuaga mgeni.

Levina akaja kibandani. Alikuwa amejiandaa kusema neno refu, lilionekana usoni, lakini alipofika alikaa tu benchini, bega lake likaligusa bega la mama yake.

"Ungekaa kimya kwa sababu yangu," alisema.

"Nilitaka," alisema Prisila. "Nilijaribu."

"Usijaribu tena, Mama. Ukiona, sema. Kama sitaki kusikia, sema mara mbili."

"Na mzee wa lori?"

"Mzee wa lori aende na breki zake."

Mzee Selemani akapita na chaki, akaandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba gari la kazi ya usukani halibanwi betri ya pembeni, iwe kubwa iwe ndogo. Akasoma kwa sauti, akamgeukia Prisila. "Imekaa sawa, Mama Levina?"

"Imekaa sawa, Mzee."

Levina akamsogezea mama yake kiti hadi kwenye ukuta, akamwambia aegemee kidogo. Prisila akaegemea. Nyundo ziligonga, jenereta likanguruma, Masanja akamzomea mtu aliyemwaga mafuta. Kichwa cha Prisila kikalala begani mwake, mdomo ukafunguka kidogo, akasinzia mchana kweupe mbele ya gereji nzima. Mteja alipofika na kuulizia michembe, Levina aliweka kidole mdomoni, akashika upawa, akampakulia mwenyewe.