Ripoti Niliyoandika kwa Kifaransa

Shule moja hapa Bunia ilitaka tangi la maji ya mvua chini ya uwanja wake, mita tano kwenda chini. Nilisoma jiolojia, na kazi yangu ni kupima udongo kabla watu hawajaingia ndani yake. Nilitoboa pahali patatu kwa chuma cha mkono. Mara mbili chuma kilileta udongo mwekundu, mgumu. Mara ya tatu, upande wa vyoo, kilifika mita tatu kikarudi na tope la kijivu, linaloteleza kama sabuni.

Mkubwa wa wachimbaji alikuwa muzee mmoja wa upande wa Mahagi. Alikuwa amechimba visima tangu ujana wake, na mimi aliniita mutoto yake. Alichukua lile tope, akalinusa, akalirudisha kiganjani mwangu akinitazama. Nafikiri alikuwa anangoja niseme kitu. Nilikuwa na haraka ya kuandika.

Niliandika kwamba wasipite mita tatu kabla kuta hazijashikizwa kwa mbao, na mvua ikinyesha watu wote watoke. Niliandika kwa Kifaransa, kama tunavyoandika ripoti zote. Prefe, mkuu wa shule, aliisoma mbele yangu, akaniambia mbao zitatoka Marabo juma lijalo. Nikaenda Nyankunde kwa kazi nyingine.

Mvua ikanyesha siku mbili. Ya tatu, asubuhi, walikuwa wamekwisha kupita mita tatu bila mbao, na upande wa vyoo ukaanguka. Muzee alikuwa chini peke yake, wenzake wakivuta ndoo juu. Walimfukua kwa mikono, wakiogopa beleshi zitamkata. Walimkuta amekwisha kufa.

Nilifika matangani kesho yake. Mke wake alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake wenzake. Nilipiga magoti, nikampa pole. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Weye uliona ule udongo ni mubaya?"

"Niliona, mama."

"Ulimuambia?"

"Niliandika, mama. Karatasi ilikuwa kwa prefe."

"Bwana yangu hakukuwa anajua kusoma," akasema.

Nilikuwa nimefanya kazi naye katika mashimo manne, na sikuwahi kumuuliza.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinieleza kwamba vijana waliotumwa makaburini wamekuta maji kaburini, akaniomba niende kuwatafutia pahali pengine. Hakutaka mume wake alale mu maji. Nilirudi nyumbani kuchukua kile chuma. Nilitoboa pahali pane, nikilia, mpaka nikapata udongo mkavu, na sikuondoka mpaka walipomaliza kuchimba.

Shule ilifukia lile shimo. Prefe anasema muzee mwenyewe alitaka kuendelea. Labda ni kweli, sijui.

Ripoti bado naziandika kwa Kifaransa. Nikimaliza naenda kuketi na wachimbaji, nawaambia yote kwa Kiswahili, kisha narudia. Juzi mmoja aliniuliza kwa nini nawarudilia maneno kama watoto. Nilimwomba anisikilize tu.