Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Nyumba yetu ya mtaa wa Kiponda ilikuwa na madirisha makubwa yanayoelekea njiani, na miaka yangu ya mwanzo sikupata kuyaona wazi hata siku moja. Bibi, mzaa mama yangu, hakutaka wapita njia watuone, na tena akiamini kuwa upepo wa njiani unaleta mafua. Tukafungiwa humo na moshi wa udi, jasho likitutoka. Hata sasa nikinusa udi chumbani, naikumbuka nyumba ile.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa mshoni. Alipoanza kukohoa, miaka michache baada ya Mapinduzi, alisema ni vumbi la vitambaa. Kisha kitambaa cha mkononi kikaingia damu. Hospitali wakasema kifua kikuu, wakamwanzishia sindano na vidonge, na kumwonya kwamba dawa ni za muda mrefu, asiziache akijiona amepata nafuu.

Bibi naye akaanza kinga yake. Alimtengea mama mdogo kikombe cha bati, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe, akakitundika msumarini peke yake. Sahani mbali, kijiko mbali. Mama mdogo, ambaye siku zote alikaa nami kwenye sinia na kunisogezea samaki, sasa akila peke yake kwenye mkeka wa ukutani.

"Mie nshakuwa mgeni wa serikali," alisema. "Nna sahani yangu mwenyewe."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Na wageni je? Kwetu mgonjwa asipotazamwa ni aibu ya mtaa mzima. Akina mama walikuja, mabuibui yakarundikwa kitandani, wakamzunguka mgonjwa kwenye chumba kilichofungwa, wakimwombea dua huku wakivuta kikohozi chake kwa pua zao wenyewe. Kikombe hakuna aliyekigusa! Sisi tena, kwa hadhari hatujambo.

Siku moja muuguzi alikuja kumtazama mgonjwa nyumbani. Alifika mlangoni mwa chumba akasita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, kikombe hakina kosa. Maradhi haya yanakwenda na pumzi. Akikohoa, yanabaki humu humu kwenye hewa. Fungua madirisha, naye afunike mdomo kwa kitambaa. Wageni wakae nje mpaka dawa imkolee."

"Madirisha yale? Watu wamwone mwanangu?"

"Bora wamwone, bibi, kuliko waje kumzika."

Bibi akaenda jikoni, akarudi na mchi wa kinu, akaligonga komeo lililoshika kutu mpaka likaachia. Mwanga ukaingia, tukaona kuta zetu zilivyo chafu. Ili asishindwe kabisa, alitundika pazia jepesi.

Tangu hapo wageni walikaa barazani, chini ya dirisha. Umbea ukipita kwenye pazia: nani kaposwa, nani kapata mchele kwenye foleni, na mama mdogo akichekea ndani ya kitambaa chake. Naupenda mpaka leo ule mchana wa sauti za njiani. Sisi watoto tulipelekwa kupigwa picha za kifua, tukakutwa wazima, alhamdulillahi.

Lakini kikombe kilibaki msumarini. Muuguzi alisema tena na tena kwamba hakina neno, na bibi alimwitikia vizuri sana, asikiondoe. Mama mdogo akanenepa, kikohozi kikakoma, akamaliza dawa zake zote. Bado akila ukutani.

Ikafika siku daktari alipomwambia amepona. Mchana ule sinia liliwekwa, wali na samaki wa kupaka. Mama mdogo alitoka chumbani akasimama kando ya mkeka wake, hajui akae wapi. Niliogopa atakaa pale pale, na kwamba atakaa pale maisha yake yote.

Bibi aliinuka, akakitungua kikombe, akachota maji mtungini, akampa. Mama mdogo akanywa kidogo. Bibi akakipokea, akayanywa yaliyobaki mpaka tone la mwisho, kisha akaukata ule uzi kwa meno.

"Sogea wewe," aliniambia. "Mpishe mamako akae."

Mama mdogo, ambaye hakulilia sindano hata moja, alikaa ubavuni pangu akilia. Na huku analia, akanisogezea samaki.