Bisibisi ya Mzee Okumu

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mvua, wakati magari ya majani ya chai yanapopanga foleni mpaka nje ya lango la kiwanda. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya mitambo, ya kwanza kijijini kwetu huku Bomet. Mwanangu, usiseme najisifu. Karo yangu niliilipa kwa kuchuma chai kwa vidole hivi, na aliyejenga nyumba yake ana haki ya kuonyesha mlango.

Niliajiriwa kiwandani hapo kama injinia, na jioni nilikuwa nawafundisha wafanyakazi wenzangu Kiingereza. Jana yake niliandika ubaoni maneno mawili, "hear" na "listen", nikayaeleza vizuri kabisa: "hear" ni sauti kukujia yenyewe, hata ukiwa unawaza ugali, "listen" ni wewe kuiendea sauti kwa kutaka. Mzee Okumu, fundi kutoka kule ziwani aliyeingia kiwandani kabla sijazaliwa, alikaa mbele akiandika kila neno.

Asubuhi hiyo akanijia. "Injinia, mashine ya pili inalalamika."

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia, sawa. Umesikiliza?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. "Mwalimu ameanguka mtihani wake mwenyewe!"

Nikajibu kwa ukali kwamba vipimo viko sawa na majani hayangoji.  Mzee alitoa bisibisi ndefu mfukoni, akaegemeza ncha kwenye kifuniko cha beringi, pale mhimili wa mashine unapozungukia, na mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akaninyooshea bisibisi. "Njoo, japuonj," akasema, akiniita mwalimu kwa Kijaluo.

Niliinama kwa kiburi. Nikapata mngurumo ule ule wa kila siku. Nikafumba macho kama yeye, na chini ya mngurumo nikakuta kitu kama mtu anayetafuna changarawe.  Mashine hiyo ingevunjika, majani ya vilima vizima yangeoza, na ya mama yangu yalikuwa humo.

"Zima!" nikapaza sauti.

Tulipofungua, beringi ilikuwa imepasuka, imebaki kidogo tu isambaratike. Tuliibadilisha, na hakuna gunia lililoharibika. Meneja alipouliza nani aligundua, mzee yule, ambaye angeweza kunivua nguo mbele ya watu, alisema tu, "Injinia alisikiliza."

Mwanangu, debe tupu haliachi kuvuma, na siku zile nilivuma sana. Diploma yangu bado iko ukutani ndani ya fremu. Ukija nitakuonyesha, hata usipoomba. Lakini kando yake nimetundika bisibisi ile, aliyoniachia alipostaafu, na ndiyo ninayoifuta vumbi kwanza.

Kwa hiyo mtu akikuletea neno, hasa asiye na cheti, usimkatize kwa "nimesikia". Simama. Inama. Ikibidi, fumba macho. Kujua maana ya neno ni kazi ya jioni moja; kuliishi ni kazi ya maisha.

Mungu akupe masikio ya Mzee Okumu, mikono yako isikose kazi, na chai yako isikose maziwa.