Karatasi Niliyokataa Kutia Sahihi

Ukisimama nyuma ya karakana yetu ya useremala unaona chai ikiteremka mpaka mtoni, halafu daraja, halafu chai tena ikipanda upande wa pili, kijani kilekile. Katikati ya chai ya upande wa pili kuna uwanja wa chuo kingine, na siku isiyo na ukungu unaona hata nguzo za magoli. Huo mto ndio mpaka wa kaunti mbili. Sitazitaja. Watu wa Silibwet wataapa ni kwao, watu wa Soin nao wataapa ni kwao, na mimi nitawaacha waape.

Nafundisha useremala katika chuo cha ufundi cha kaunti. Kwa kuwa walimu wengine wote walijifanya wana miguu mibovu, nikawa pia kocha wa voliboli ya wasichana. Nguzo za neti tulizichonga wenyewe kwa mkaratusi. Kiwanja chetu kina mteremko, na timu za wageni zililalamika kila mara, nami niliwajibu kwamba hata mpira wa kwetu umezoea kupanda mlima.

Mwaka ule tulifuzu fainali za kanda za vyuo vya ufundi kwa mara ya kwanza, na sababu ilikuwa msichana mmoja. Alikuwa kapteni na seta, yaani yule anayemwinulia mwenzake mpira ili apige. Mikono yake ilikuwa laini juu ya mpira kuliko mikono yoyote niliyowahi kuona, na sijui aliitoa wapi, kwa sababu kazi yake tangu utotoni ilikuwa kuchuma chai na kukamua ng'ombe. Kocha wa timu moja kubwa ya Nairobi, timu ambayo wachezaji wake huajiriwa, alikuwa amesikia habari zake. Alituma ujumbe kwamba atakuja fainali kumtazama yeye. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Baada ya hapo hakukuwa na mashindano mengine ya kumtazama.

Fainali zilipangiwa ule uwanja wa ng'ambo, ule tunaouona kutoka karakana. Nilijua hivyo tangu mwanzo wa muhula. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akanitafutia kisingizio.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye maziwa. Wakulima wa kwetu huvuka daraja asubuhi kuuza maziwa katika soko la ng'ambo, kwa sababu huko hununuliwa haraka. Kaunti ya ng'ambo ikapitisha sheria kwamba maziwa yabebwe kwa mikebe ya chuma tu, mitungi ya plastiki marufuku. Askari wa kaunti wakasimama darajani. Siku ya kwanza waliyoimwaga mitungi, nilikuwa napita na baiskeli. Niliyaona maziwa yakishuka mtaroni, na pembeni mama wa kapteni wangu akiwa ameshika kifuniko cha manjano mkononi, kifuniko tu.

"Mwalimu," aliniambia, "maziwa imemwagwa yote. Hata hawakuniuliza nimetoka wapi."

Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, na zikishaingia kwenye kalamu hazitoki haraka. Wanachama wa ushirika wa maziwa waliponiomba niwaandikie malalamishi ya kupeleka kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Hapa kwetu mwalimu ndiye kalamu ya kijiji. Barua ya mahari, barua ya kuomba transfoma, tangazo la mazishi, yote huletwa kwake, na akikataa anaitwa mringaji.

Niliandika masharti saba. Sita ya kwanza yalikuwa ya busara: tupewe muda, tusaidiwe kupata mikebe, askari waache kumwaga chakula cha watu. Nilipaswa kuishia hapo. Ukweli ni kwamba ile sheria haikuwa ya kipumbavu. Mimi mwenyewe nyumbani sikuwa nikinywa maziwa yaliyolala kwenye mtungi wa plastiki, kwa sababu mkono hauingii ndani kuusugua. Lakini masharti sita ya busara hayapigiwi makofi. Nikaongeza la saba: kwamba hadi sheria ile ifutwe, pasiwe na gari la kaunti yetu wala mtu yeyote anayegharimiwa na kaunti yetu atakayekanyaga upande wa pili wa daraja.

Siku ya mkutano nilisoma mwenyewe. Kwenye sharti la saba watu walisimama. Akina mama walipiga vigelegele, na mama wa kapteni alikuwa mbele kabisa. Mwakilishi wa wadi alinishika bega akasema, "Mwalimu, hii point naenda nayo hivyo hivyo mpaka bunge ya kaunti." Nilirudi nyumbani nikitembea kwa kifua mbele. Naona aibu kukumbuka jinsi nilivyofurahi.

Mtaniuliza, je, hukufikiria fainali? Nilifikiria. Lakini nilijiambia jambo ambalo kila mtu wa hapa angejiambia: hoja za bunge la kaunti hazitekelezwi. Tulipitishiwa hoja ya zahanati, mpaka leo pale wanalisha mbuzi. Tulipitishiwa hoja ya lami, tope liko palepale. Basi nani angedhani kwamba kati ya hoja zote, ile itakayotekelezwa ni yangu? Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wahenga walivyosema, ila mimi nilichimba nikawaachia wengine waingie.

Hoja ilipita. Viongozi wa pande mbili wakaanza kurushiana maneno redioni asubuhi na jioni, kila mmoja akilinda heshima ya watu wake. Wiki moja kabla ya fainali, mwalimu mkuu akaniita ofisini akanionyesha barua. Basi la chuo lisivuke daraja. Mwalimu yeyote wa chuo asivuke kikazi. Na katikati ya barua, kwa herufi nzito, ilikuwepo sentensi yangu, neno kwa neno, hata ile "atakayekanyaga" niliyoipenda sana. Mwalimu mkuu hakujua ni yangu. Nilimrudishia karatasi nikasema, "Siasa hizi."

Wasichana niliwaambia kiwanjani, wakiwa bado na jasho la mazoezi. Kapteni akauliza kama ni basi tu lililozuiwa.

"Basi na walimu," nikasema.

"Basi si lazima. Si ni hapo tu? Tunaweza kwenda na miguu, coach. Hata hatuwezi choka."

Wenzake wakacheka, na kweli ilikuwa hapo tu. Kesho yake hata kutembea hakukuhitajika tena. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyehamia huku kutoka Murang'a kabla hata mimi sijazaliwa, alisikia habari akaja chuoni mwenyewe. Wasichana wetu walikuwa wakimpakulia mbao wakati wa likizo, na aliwapenda.

"Mwalimu, canter iko," alisema, akionyesha lori lake dogo langoni. "Nitawapeleka na nitawarudisha. Mafuta usiniulize. Hii maneno ya wanasiasa haina mwisho, lakini hawa watoto wako na mwisho wa mwaka."

Kikabaki kitu kimoja. Kanuni za mashindano zinataka karatasi ya timu itiwe sahihi na kocha wa chuo, naye awepo uwanjani. Kapteni aliijaza ile karatasi mwenyewe, majina kumi na mawili kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto, akaniletea karakana. Nilikuwa nikipiga randa. Aliiweka juu ya benchi, akapuliza maranda pembeni, akaweka kalamu juu yake.

"Hapa chini tu, coach."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia mimi ni mwajiriwa wa kaunti, barua imesema asivuke mwalimu yeyote, na nikivuka nitakuwa nimeasi. Niliongea kwa muda mrefu, nikitumia sauti ile ya darasani. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza, "Kwani hiyo sheria yetu nani aliandika?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Nilikuwa na randa mkononi, tuko wawili tu, na jibu lilikuwa fupi.

"Wakubwa," nikasema.

Alikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni.

Siku ya fainali haikuwa na ukungu. Ningetoa chochote kwa ukungu siku ile. Wasichana walivaa jezi zao bila kuambiwa na mtu wakaenda nyuma ya karakana, wakakaa kwenye majani wakitazama ng'ambo. Filimbi zilikuwa zikifika. Watu walionekana wadogo, wenye rangi, wakirukaruka. Mmoja wa wasichana alijaribu kutangaza mechi kwa sauti ya mtangazaji wa redio ili wenzake wacheke, akaacha mwenyewe. Kapteni alikaa pembeni akiwa na mpira mapajani, akiuzungusha. Mahali fulani kati ya wale watu wadogo alikuwepo kocha wa Nairobi, ameketi, anangoja timu ambayo haiji.

Saa tisa hivi mama yake akafika. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, amevaa gauni la kanisani, na mgongoni amefunga kibuyu kwa leso kama mtoto. Kwetu anayerudi na ushindi hupokewa langoni kwa mursik, na mursik haitengenezwi siku moja. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalum, maziwa hutiwa, hufungwa, hulazwa siku nyingi mpaka yakomae. Yule mama aliyalaza siku ile aliyoambiwa timu imefuzu. Binti hakuwa amempigia simu kumwambia mambo yalivyogeuka. Nadhani mpaka asubuhi ile alikuwa bado anangoja nibadilike.

"Mmerudi mapema!" mama alisema akitufikia. Akatutazama mmoja mmoja. "Ama hamjaenda?"

Msichana mmoja akamweleza: kaunti yetu imekataza mtu kuvuka mpaka wale wa ng'ambo waondoe sheria ya mitungi. Mama alisikiliza, na uso wake, badala ya kuanguka, ukafunguka.

"Kumbe ilifanya kazi! Hiyo barua ya mwalimu ilifanya kazi!" Akanigeukia. "Mlikuwa hamjui? Si ni mwalimu alituandikia? Hiyo ya kukataza watu wasivuke, tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Sisi watu wa maziwa hatutamsahau huyu mwalimu."

Mpira ulikuwa umeacha kuzunguka. Kapteni hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayehesabu upya hesabu aliyodhani ameimaliza, na akaona kosa lilikuwa wapi.

Mama alifungua leso, akafungua kibuyu, akamimina kwenye kifuniko chake. "Basi leo aliyeshinda ni mwalimu," alisema akicheka, na akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mbele ya timu nzima. Kukataa mursik ya mama wa mtu hakuwezekani. Nikanywa. Ilikuwa imekomaa vizuri sana, na nikasema asante mama. Wakati narudisha kifuniko ndipo alipomtazama binti yake usoni, akaona nilichokuwa nimekiona mimi, na kicheko chake kikakatika. Alifunga kibuyu bila kumpa mtu mwingine.

Miezi michache baadaye viongozi wa kaunti mbili walikutana hotelini, wakanywa chai, wakapigwa picha wakishikana mikono. Makubaliano yalikuwa yaleyale masharti yangu sita ya kwanza: muda, msaada wa mikebe, askari waache kumwaga. La saba lilifutwa, na gazeti halikulitaja hata. Mabasi yakavuka tena. Kocha wa Nairobi alikuwa ameshapata seta mwingine siku ileile ya fainali. Nilimwandikia barua ndefu, maana kuandika ndicho ninachokiweza, naye akajibu kwa adabu kwamba nafasi zimejaa.

Kapteni wangu sasa ana pikipiki na mikebe miwili ya chuma inayong'aa. Hukusanya maziwa ya wamama wa kijiji na kuyavusha ng'ambo kila asubuhi, kupita daraja lilelile. Tunasalimiana. Yeye husema "Chamgei, mwalimu," na mimi huitikia. Kwa jina la "coach" hakuniita tena. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno yanayoeleweka. Mara mbili nilianza nikaishia kuzungumzia bei ya maziwa.

Mwezi uliopita alisimama langoni kwangu kuchukua maziwa ya ng'ombe wangu. Alikuwa ameshayamimina, amekaza kifuniko, nikadhani anaondoka. Akauliza, akiangalia mkebe:

"Mwalimu, ile siku ungetia sahihi. Wangekufanya nini?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu nililijua tangu siku ile ya karakana.

"Wangenipa barua ya onyo," nikasema.

"Barua tu?"

"Barua tu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akauinua mkebe, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, akaujaribu kwa mkono kama umekaza, akateremka kuelekea darajani.