Gereji Iliyokwenda Mazishini

Baba yangu alikuwa karani wa baraza la jiji, na alikuwa na gereji. Gari hakuwa nalo. Gereji yenyewe ilikuwa ya zege, vipande virefu vilivyomiminwa kiwandani na kufungwa pamoja kwa nati. Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Akaisimamisha ubavuni mwa nyumba yetu jijini, mtaa wa Ziwani, mahali ambapo jirani zetu walipanda sukuma wiki, akamwaga sakafu ya saruji, na kila Jumamosi akaifagia. Kuku hawakuruhusiwa kuingia. Baiskeli pia.

Vijana wa mtaa walimchokoza. "Mzee, gereji tunaiona. Moti iko wapi?"

"Inakuja," alijibu, kana kwamba imekwama tu kwenye taa za barabarani.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, gari likiwa bado linakuja. Hapo ndipo tulipolazimika kusema jambo ambalo sote tulikuwa tunalikwepa. Baba hakuwa na nyumba nyumbani kijijini. Kwetu magharibi, mwanamume aliyeoa hazikwi bomani kama hana nyumba humo. Huzikwa kando, kama kijana ambaye hakuwahi kuanza maisha, na mjane wake hukosa mahali pa kukaa matanga. Baba alikuwa amelijengea gari, na yeye mwenyewe akajiahirisha.

Baba mdogo, ndugu yake aliyemfuata, alikuja na neno la wazee. "Wamesema wazi," alituambia. "Hakuna nyumba, hakuna kaburi ndani ya boma."

Kamati ya mazishi ilikaa ndani ya gereji, kwa kuwa ndipo viti vilipoenea. Mwenyekiti alikuwa mkubwa wa baba kazini. Walijadili nyumba ya udongo, wakaona haitakauka. Walijadili nyumba ya mabati, na ilipofika kwenye michango wakaanza kutazama viatu vyao.

"Mmekaa ndani yake," akasema mama.

Walitazama kuta, kisha wakatazama paa. Mwenyekiti akasema alikuwa karibu kupendekeza hilo hilo.

Siku ya kubomoa walikuja watu wengi kuliko nati. Msibani, asiyeonekana akifanya kazi husemwa kwa muda mrefu kuliko marehemu, kwa hiyo kila mmoja alitaka nati yake. Wa ofisini walitaka yao, wa kanisani yao, wa ukoo yao. Zilikuwa zimeshika kutu, wakazimwagia mafuta ya taa. Jirani yetu Mkamba, mchonga vinyago, alileta nyundo zake zote. Mwenyekiti aliishika spana kubwa tangu mwanzo, lakini aliitumia kuonyeshea tu.

Paa la mabati lilishuka salama. Kisha nati zote zikafunguliwa kwa pamoja, maana hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho, na ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyepangiwa kushika ukuta. Kila mwenye tai akajikuta amekumbatia zege.

"Asiachilie mtu," baba mdogo akasema.

"Mimi naachilia nikienda wapi, ndugu yangu?" akajibu mchonga vinyago, shavu likiwa limebanwa ukutani. "Hata mke wangu sijamshika hivi."

Mwenyekiti, aliyekuwa na mikono mitupu isipokuwa ile spana, aliona ni nafasi nzuri ya kuhutubia. Alieleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa msimamo. Wanawake walizunguka na chai wakiwanywesha wanaume kama watoto wachanga. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya nyuma. Zege lilikuwa baridi, na lilinuka saruji na ufagio. Nililia hapo, uso ukiwa umeelekea ukutani, na kila mtu alidhani nasukuma.

Kipande kimoja tu kilivunjika. Vingine tulivipakia kwenye lori, tukavisimamisha tena nyumbani, juu ya udongo mtupu, mlango ukitazama lango la boma kama inavyotakiwa. Pengo la kile kipande tuliliziba kwa mbao.

Wazee wakaja kukagua. Pikapu iliyobeba jeneza ilikuwa langoni ikingoja uamuzi wao.

"Mlango huu ni wa mtu ama wa ng'ombe?" akauliza mmoja.

"Dirisha liko wapi?" akauliza mwingine.

Baba mdogo alisema marehemu hakupenda upepo. Hilo halikuwasaidia. Walikuwa bado wanabishana mvua kubwa ilipoanza. Dereva wa pikapu hakuwa wa kabila letu na hakuelewa neno hata moja la ubishi ule. Aliona gereji. Akafanya kile ambacho dereva yeyote angefanya: akarudi nyuma taratibu, akaingia.

Mama alimfuata, akaketi chini kando ya gurudumu. Wazee nao wakakimbilia humo humo, wakasimama wakibanana na jeneza. Mvua ikapiga mabati. Kisha yule aliyeuliza habari za ng'ombe akatazama juu.

"Haivuji," akasema.

Basi. Baba alizikwa kesho yake, ndani ya boma, upande wa kulia wa nyumba yake.

Pikapu ilipoondoka iliacha doa la oili udongoni. Mama aliishi katika nyumba ile mpaka mwisho wake, na kila wanawake walipokuja kupaka sakafu samadi, aliwaonyesha lile doa na kuwaambia walizunguke.