Mashuka ya Shangazi na Upepo wa Saa Saba

Nawaambia hili ninyi tu, na msinicheke mpaka nimalize, maana hadi leo nikimwona profesa wangu kwenye korido nageuza njia.

Utafiti wangu ulikuwa wa kutengeneza modeli ya kompyuta ya kubashiri upepo wa karibu na ardhi, ule unaozitikisa ndege ndogo zikiruka chini chini. Nilitakiwa kusimika mlingoti mfupi wa kupimia upepo mahali pa wazi nje ya Kilosa, lakini huko nani angeulinda (na nani angenipikia?), nikausimika uani kwa shangazi yangu, Magomeni ya hapo hapo Kilosa mjini. Nikamwomba asiviguse vile vikombe vya mlingoti vinavyozungushwa na upepo, akakubali. Baada ya miezi miwili ya vipimo modeli ikatoa jibu lake: asubuhi upepo upo, mchana hewa imetulia kabisa. Hakuna aliyewahi kusema hivyo, na mimi, badala ya kushtuka, nikavimba kichwa.

Siku ya majaribio, ambayo profesa angeamua kama nahitimu au narudia mwaka, tukakutana kiwanja cha ndege cha Mikumi. Rubani, mtu mzima (nilimpa shikamoo vizuri tu), akashauri turuke asubuhi, kwa sababu mchana ardhi ikishapata joto hewa inapanda na kuirusha ndege. Nikamjibu mbele ya profesa, "Mzee, hayo ni mazoea. Vipimo vinasema saa saba."

Saa saba tukaruka. Kufika Kilosa ndege ikadondoka, ikapanda, ikalala ubavu, nikamshika profesa mkono, nikaomba dua hadi nisizozijua, na kabla sijaulizia mfuko nikatapika kwenye kofia yake. Kuinua uso dirishani, naona chini uani kwa shangazi ni peupe pepepe: mashuka ya gesti anayoifulia, yameuzunguka mlingoti pande zote, yamekinga upepo wote. Asubuhi anafua, mchana anaanika.

"Mlingoti wako ni upi?" profesa akauliza taratibu.

Nikamwonyesha. Tulipotua, rubani akanipa maji bila kuniangalia. Niliona aibu ya kufa mtu.

Nikampigia shangazi nikiwa nalia.

"Kwani nimevigusa?" akasema. "Nimefunga kamba tu."

Mwaka nimerudia. Sasa kabla sijachimba shimo la mlingoti nawauliza wenyeji wanaanika wapi nguo, na rubani akisema asubuhi, basi ni asubuhi. Kofia nabeba ya kwangu.